Sanaa Ni Moja, Acheni Kuigawa

Asanteni. Nimeombwa niseme juu ya Japanorama, lile onyesho la sanaa ya Japani tangu 1970, lililofunguliwa Oktoba 2017 katika makumbusho ya Centre Pompidou-Metz, Ufaransa, chini ya msimamizi wake, Yuko Hasegawa. Mlionisikia zamani mnajua nitakapoanzia: swali la “hii ni sanaa, au ni usanifu tu?” Hilo “tu” linaniudhi kweli.

Wajapani nao mpaka huo waliletewa. Neno bijutsu, wanaloitia leo sanaa ya makumbusho, lilibuniwa kutafsiri Kijerumani walipojiandaa kwa maonyesho ya dunia ya Vienna, 1873. Sisi neno letu linatosha: mhunzi ana sanaa, mchonga milango ana sanaa, msuka mikeka ana sanaa. Na ofisi ya wasanifu majengo iliyopanga kumbi za Japanorama, ya Kazuyo Sejima na Ryue Nishizawa, inaitwa SANAA! Ni herufi za majina yao, hawakukopa kwetu, lakini kila nikilitamka nafurahi. Waliipanga kama visiwa. Unatoka kimoja unaingia kingine, vazi hapa, picha pale, bila ukuta wa kukwambia kipi kina hadhi.

Sasa tazameni jengo lenyewe. Shigeru Ban, aliyelisanifu pamoja na Jean de Gastines, wazo la paa alilitoa kwenye kofia ya Kichina ya kusuka. Mbao zinapishana kwa pembe sita, kama ukindu mikononi mwa bibi. Mtu huyohuyo, baada ya mauaji ya 1994, aliwaendea Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Walikuwa wakigawiwa maturubai na nguzo za alumini. Mwenye njaa akipewa alumini, atafanya nini? Anauza, kisha anakata mti asimamishe turubai. Misitu ikazidi kukatwa. Ban akaja na bomba la karatasi ngumu, kama lile la ndani ya jora la kitambaa. Halina soko, na linasimamisha hema. Mwaka 1999 hema 50 za majaribio zilijengwa katika kambi ya Byumba, Rwanda.

Najua kuna atakayesema: hiyo ni misaada, usituchanganyie na sanaa. Ndugu yangu, aliyetazama karatasi akaona nguzo ametumia jicho lilelile lililoona paa ndani ya kofia. Ukimpa jina moja akiwa Metz na jingine akiwa Byumba, nieleze umetenganisha nini, kazi au watu waliofanyiwa kazi?

Nilitaka kukaa na msanii wa Kijapani Atsuko Tanaka, muda unakimbia. Mwaka 1956 alivaa vazi la balbu na mirija ya taa iliyopakwa rangi, zito, la moto, lenye waya mwili mzima, likiwaka na kuzima. Lilikuwamo Japanorama, ingawa ni kongwe kuliko 1970, na lilistahili. Ni vazi, ni mchoro, ni taa, na ni mwanamke aliyekubali hatari ya kupigwa na umeme.

Mbunifu wa mavazi Rei Kawakubo na nguo zake za 1997 zenye vinundu tutamwacha. Sehemu zote sita za onyesho pia siwezi kuzipitia. Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Picha ya vazi la Tanaka ninayo hapa. Ipokeeni safu ya mbele, muipitishe nyuma polepole.