Chad Mayes na Kura ya Julai

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo namzungumzia mtu mmoja tu: Chad Mayes wa California, mwakilishi aliyeachana na chama chake, na wapiga kura wakamrudisha bungeni.

Alianzia udiwani, katika mji wa jangwani wa Yucca Valley. Mwaka 2014 akaingia Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa tiketi ya Republican, na mwanzoni mwa 2016 tayari alikuwa kiongozi wa kambi ya chama hicho.

Ikaja Julai 2017. Gavana Jerry Brown, wa Democratic, alitaka kurefusha hadi 2030 mpango wa kuviwekea viwanda kikomo cha hewa ukaa na kuvifanya vinunue vibali vya kuitoa. Mswada ulihitaji theluthi mbili, yaani kura 54 kati ya 80. Ulipata 55, na saba kati ya hizo, ya Mayes ikiwemo, zilitoka Republican. Wana-Republican wenzake walisema amekiuza chama. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Sheria ilikwishaamuru hewa hiyo ipunguzwe. Lililobaki lilikuwa njia tu, na soko la vibali ni nafuu kwa viwanda kuliko amri. Tena mswada huohuo ulisimamisha ada ya kuzuia moto waliyotozwa wenye nyumba za vijijini, kama wapiga kura wake wengi. Na msisahau: msingi wa mpango huo ni sheria iliyosainiwa mwaka 2006 na Arnold Schwarzenegger, gavana wa Republican!

Kwa maoni yangu, kilichomponza zaidi ni picha. Kura zilipokwisha, alisimama na Brown na vigogo wa Democratic mbele ya waandishi wa habari kushangilia ushindi. Wanachama wake walipomwona pale, hasira ikapanda. Agosti akakubali kuachia uongozi.

Desemba 2019 akajitoa chamani kabisa. Hapa Tanzania, mbunge akihama chama, kiti kinakwenda. Yeye alibaki nacho. Mwaka 2020 akagombea bila chama. Kwao wagombea wote hupambana katika mchujo mmoja, na wawili wanaoongoza ndio wanaokutana fainali, wawe wa chama chochote au hawana. Republican ikamuunga mkono mpinzani wake, Mayes akashinda. Mwaka 2022 hakugombea tena.