Mkweche chini ya mgunga: soma modeli kwanza, ujue spea ipi inaingia wapi

Karibu mtazamaji. Video hii ni ya mtu anayezunguka vijijini kutafuta spea za Land Rover Series au Land Cruiser za 40, hasa huku Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni. Tutakuonyesha jinsi ya kulijua gari lililoachwa ni lipi hasa, na jinsi ya kuamua kabla hujafungua nati hata moja kama kifaa unachokitaka kitaingia kwenye gari lako.

Njoo na futi ya mkanda ya mita 5, tochi, brashi ya waya, chaki, nyundo ndogo, bisibisi ndefu, sumaku, jeki na mawe ya kuzuia magurudumu. Spana ziwe seti mbili, za inchi na za milimita. Land Rover Series ni gari la inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8. Ukilazimisha spana ya 13 kwenye kichwa cha nusu inchi kilichokaa juani miaka kumi na tano, utakiviringisha, na hapo kazi inahamia kwenye patasi.

Magari haya huyakuti kando ya lami. Yako nyuma ya gereji za zamani, kwenye yadi za misheni na shule, kwenye maghala ya vyama vya ushirika, na nyumbani kwa wazee waliokuwa madereva wa serikali. Ukifika, salamu kwanza, gari baadaye. Msalimie mzee, jieleze, kisha uliza gari ni la nani na kadi iko kwa nani. Likiwa na namba za STK, SU, SM au PT, usielewane bei na mlinzi wala na fundi wa yadi. Mali ya umma huuzwa kwa utaratibu wake, kwa kawaida mnada wa hadhara, na ukinunua nje ya hapo umenunua kesi. La mtu binafsi, andikeni hati ya mauziano yenye namba ya chesisi na namba ya injini, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ukinunua injini peke yake, hati hiyo ndiyo utakayoenda nayo TRA kurekebisha kadi ya gari lako.

Sasa lisogelee gari, lakini polepole. Gonga chesisi kwa nyundo na usikilize. Nyuki wanapenda sana chesisi ya boksi yenye tundu mwishoni, na nyoka hupenda chini ya kiti. Mnara wa mchwa ukiwa umepanda ndani ya bodi, jua kwamba udongo umeshika unyevu chini yake, na chuma kilichofunikwa na huo udongo ndicho kilichooza.

Kuhusu kutu, Dodoma ina bahati yake. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miaka mingi haifiki milimita 600, kwa hiyo chesisi huku hudumu kuliko za Pwani na Tanga. Jua ndilo adui. Mpira wote wa mkweche, iwe bushi, sili, mipira ya breki au mkanda wa feni, uhesabu umekufa hata kama unang'aa. Usiuchukue hata ukipewa bure.

Hatua inayofuata ni futi. Pima kutoka katikati ya hab (kitovu cha gurudumu) ya mbele hadi katikati ya hab ya nyuma, pande zote mbili, magurudumu yakiwa yamenyooka. Ukipata sentimita 223.5 ni Land Rover 88, yaani inchi 88. Ukipata karibu 277 ni 109. Ukipata 279 na nusu ni 110, na hiyo utaijua pia kwa springi zake: 110 ina springi za koili, Series zote zina springi za majani. Land Cruiser fupi, BJ40 au FJ40, ni sentimita 228.5, na ile ndefu ya HJ45 na HJ47 ni 295. Upande mmoja ukizidi mwingine kwa zaidi ya sentimita moja, bolti ya katikati ya springi imekatika na ekseli imesogea, au chesisi imepinda. Ekseli iliyosogea haina neno. Chesisi iliyopinda, iachie watu wa chuma chakavu.

Usiamini uso wa gari. Ni kweli kwamba Series II na IIA za mwanzo zina taa katikati karibu na grili, kwamba IIA za mwisho, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, zina taa kwenye mabawa, na kwamba Series III, iliyotoka 1971, ina grili ya plastiki na mita zimehamia mbele ya dereva badala ya katikati ya dashibodi. Lakini mabawa na grili ni bolti tu. Baada ya ajali mbili na mafundi watatu, IIA inavaa sura ya III bila wasiwasi wowote.

Ukweli uko kwenye chuma. Piga brashi ya waya kwenye chesisi upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikwa, kisha paka chaki na ufute kwa kiganja. Namba itabaki nyeupe. Kwenye IIA tarakimu tatu za kwanza zinakuambia kila kitu: 251, 252 au 253 ni 109 ya petroli. Herufi ya mwisho inaonyesha mabadiliko ya kiufundi ya toleo hilo, kwa hiyo iandike, usiishie kwenye tarakimu. Namba inayoanza na SAL ni ya mwisho wa miaka ya 1970 au baada ya hapo.

Kabla ya kulala chini, pitisha sumaku kwenye bodi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, sumaku haishiki. Inaposhika ni kwenye ukuta wa mbele wa kabini, nguzo za milango na kingo. Hapo pachokonoe kwa bisibisi, hasa sehemu ya kukanyagia miguu na chini ya bawaba. Palipo na aluminiamu iliyobanwa kwenye chuma utaona unga mweupe. Huo ni ulaji wa metali mbili zinazogusana kwenye unyevu, na bodi inaliwa kabla ya chuma.

Sasa tuingie chini, kwenye difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, kwa sababu ndiyo spea inayouzwa sana na ndiyo inayokosewa sana.

Tazama ekseli ya nyuma. Ikiwa nyuma ya difu pana mfuniko uliofungwa kwa bolti, hiyo ni Salisbury. Iko kwenye 109 za Series III na kwenye 110. Ni ngumu na shafti zake ni nene, lakini difu yake haitoki mbele kama kipande kimoja. Inafanyiwa kazi ndani ya ekseli yenyewe, na kuitoa kunahitaji kifaa cha kutanua nyumba yake. Ukiitaka, beba ekseli nzima. Ikiwa nyuma ni bakuli lililochomelewa na difu imefungwa kwa nati upande wa propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka gia boksi), hiyo ni ekseli ya Rover. Difu hii inatoka yote kwa mbele baada ya kuvuta hafu shafti (shafti mbili zinazotoka difu kwenda magurudumuni), na ndiyo inayoingiliana kati ya 88, 109 za IIA, Range Rover za kwanza, Discovery ya kwanza na Land Rover 90.

Kuingiliana kwa bolti siyo kuingiliana kwa meno. Series ina uwiano wa 4.7, yaani propela huzunguka mara 4.7 magurudumu yakizunguka mara moja, na hafu shafti zake upande wa difu zina meno 10. Range Rover na Discovery zina uwiano wa 3.54, na zile za hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 zina meno 10. Za baadaye zina 24 na shafti yako haitaingia. Hesabu meno kwa tochi na ncha ya bisibisi kabla ya kulipa.

Uwiano unaujua bila kufungua kitu. Weka gia nyutro na hakikisha forwili haijaingia. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Inua gurudumu moja la nyuma, lingine libaki chini. Chora chaki kwenye tairi na kwenye flenji ya propela. Zungusha tairi mara mbili kamili, mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka mara tatu na nusu ni 3.54. Ikikaribia mara nne na robo tatu ni 4.7. Tunazungusha mara mbili kwa sababu gurudumu la chini limesimama, kwa hiyo difu inakula nusu ya mzunguko wako. Breki ikiwa imeshika, legeza ajasta nyuma ya pleti ya breki kwanza.

Ukiweka 3.54 kwenye Series, badilisha mbele na nyuma pamoja. Ukibadilisha nyuma tu, gari litakwenda vizuri lami nzima ya Dodoma hadi Manyoni, na siku utakayoingiza forwili kwenye mchanga wa Bahi ekseli mbili zitavutana, na kitakachokatika ni hafu shafti. Spidi mita nayo itadanganya: ikisoma 60 utakuwa unakimbia karibu 80. Na injini ya lita 2.25 yenye mzigo itachoka milimani, kwa hiyo kwa gari la kubeba mahindi sisi tunashauri ubaki na 4.7. Chukua pia flenji ya pinioni ulinganishe matundu yake na ya propela yako.

Rimu ni rahisi zaidi. Series, 90, 110, Range Rover ya kwanza na Discovery ya kwanza zote zina bolti tano kwenye duara la milimita 165.1. Discovery ya pili haiingii. Shida ni nati: Series za zamani zina nyuzi za inchi 9/16, za baadaye ni milimita 16. Nati kubwa juu ya stadi ndogo inaonekana kama imekaza, halafu gurudumu linakupita njiani.

Gia boksi ya Series III ina sinkromeshi kwenye gia zote za mbele, ya IIA ni kwenye ya tatu na ya nne tu, kwa hiyo wengi wanataka kuhamisha. Inaingia, mradi uchukue pamoja na nyumba yake ya klachi na silinda ndogo ya klachi, maana mfumo wa kusukuma ni tofauti. Pleti nayo pima: inchi 9 au 9.5, na matundu ya flaiwili hayalingani.

Injini ya 2.25, petroli au dizeli, ina silinda za milimita 90.47. Ya dizeli ya 2.5 ina kipenyo kile kile, ila mwendo wa pistoni ni mrefu zaidi, milimita 97 badala ya 88.9. Ya 2.5 inakaa kwenye gia boksi ileile. Ila hadi 1980 krenki ya 2.25 ilishikwa na beringi tatu, baada ya hapo tano, na krenki hizo hazibadilishani. Soma namba ya injini mbele ya bloku, upande wa eksozi.

Injini ikiwa imeganda, usiivute kwa trekta. Toa plagi au nozeli, mimina mililita 50 hivi za dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na mafuta ya gia boksi ya otomatiki kila silinda, subiri siku tatu, kisha sukuma krenki kwa spana ndefu mbele na nyuma, kidogo kidogo. Ikilegea, zungusha mara mbili kabla ya kurudisha plagi, ili kilichomo kitoke juu. Mafuta ya sampu yakiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Tafuta ufa kwenye hedi kabla ya kutaja bei.

Land Cruiser kwa haraka. Injini ya 2H ya HJ47 iko pia kwenye HJ60 na HJ75, na 3B iko BJ60, BJ70, Dyna na Coaster. Ya Dyna au Coaster chukua bloku na hedi, lakini sampu na miguu ya injini tumia ya gari lako. Stata na plagi za joto zina volti 12 au 24, soma lebo, usibahatishe. Rimu za bolti sita kwenye duara la 139.7 zinaingia 40, 60, 70 za zamani na Hilux, hata Nissan Patrol kwa kuangalia. Nati hazilingani: Toyota ni milimita 12 kwa 1.5, Nissan 12 kwa 1.25. Peugeot 504 tutaifanyia video yake. Kwa leo jua tu kwamba saluni nyingi zina springi huru nyuma na pikapu ina ekseli moja nzima, kwa hiyo usinunue moja kwa ajili ya nyingine.

Ukikuta Kongwa chuma cha minyororo kilichozikwa nusu, kinaweza kuwa mabaki ya mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951. Baadhi ya matrekta yake yalitengenezwa kutoka vifaru vya Sherman. Hakuna spea yako humo, kiache.

Umeme: Land Rover za zamani zina upande wa kujumlisha (+) wa betri uliofungwa kwenye bodi. Ukihamishia humo alteneta bila kugeuza betri, diodi zinaungua sekunde ileile.

Siku ya kufungua, chora picha ya kila upande kwanza, mwaga mafuta ya difu kwenye dumu, vuta hafu shafti mbili, ndipo ufungue difu, watu wawili. Ziba matundu ya ekseli kwa gunia na waya, hata kama mwenye gari amesema haina haja.