Balbu haikuwaka: projekti ya mtoto muachieni mtoto

Wakubwa zangu shikamooni, wazazi wenzangu na walimu habari za saa hizi. Nimeombwa niongelee projekti za sayansi za watoto, na mi si mwalimu, mi mzazi tu ambaye binti yake wa darasa la tano alifanya betri ya limau, kwa hiyo nitaongelea hilo limau.

Wengi mnaijua hii. Unachukua limau unalibinyabinya kwa kiganja mpaka lilainike ndani ila ganda lisipasuke, unachomeka msumari uliopakwa zinki upande mmoja na kipande cha waya mnene wa shaba upande wa pili, visigusane, halafu unapima kwa mita ya kupimia volti. Unapata kama volti 0.9 hivi. Basi binti akafurahi, akachukua balbu ya tochi akaunganisha, kimya. Akaongeza malimau, shaba ya hili kwenye zinki ya lile, volti zikapanda kwelikweli kwenye mita lakini balbu wapi!

Hapa ndo nataka tukae kidogo manake hapa ndo wazazi tunapoharibu. Jamaa mmoja aliyekuja nyumbani akaniambia, we ficha betri kavu chini ya boksi, pitisha waya kwa chini, nani atajua? Na alisema kwa nia njema kabisa, hakutaka mtoto aaibike mbele ya wenzake. Nikakataa. Mtoto wa umri ule ukimwonyesha kwamba jibu likigoma unalitengeneza, atakua nalo hilo, na kesho kutwa yuko maabara anapima dawa za watu.

Nikamuuliza swali moja tu: volti si zipo, sasa kwa nini haiwaki? Halafu nikamuacha, na jamani kumuacha ni kazi, unaona waya umelegea pale na mkono unawasha lakini unajizuia, kwa sababu ukishaugusa tu projekti imeshakuwa yako.

Akaenda kumsumbua mwalimu, akasomasoma, akarudi na maelezo. Volti ni msukumo tu, ila balbu ya tochi inataka mkondo mkubwa, yaani wingi wa umeme unaopita, unaopimwa kwa miliampia, inaweza kufika mamia, na limau linatoa kama miliampia moja au pungufu. Kumbe taa ya LED nyekundu, kile kitaa kidogo chenye miguu miwili, inaridhika na mkondo mdogo sana ila inataka kama volti 1.8. Akapiga hesabu mwenyewe: limau moja halitoshi, mawili ni ya kubahatisha, matatu sawa. Tukazima taa ya chumbani, mguu mrefu wa LED akauelekeza upande wa shaba, ikawaka! Hafifu, inabidi usogeze uso karibu ndo uione, lakini inawaka.

Na hakuishia hapo. Akauliza, huo umeme uko ndani ya limau au uko kwenye msumari? Akachomoa zinki akaweka shaba pande zote mbili, mita ikarudi karibu na sifuri. Akarudisha zinki, akatoa limau akaweka kiazi kibichi, volti karibu zilezile. Kwenye daftari akaandika, nanukuu, "limau linasaidia ila kazi inafanya msumari." Na ndivyo ilivyo, zinki ndiyo inayoliwa taratibu, inaachia elektroni, vile vichembe vidogo vya umeme, zinazopita kwenye waya kwenda kwenye shaba, na asidi ya limau inakamilisha njia. Ndiyo maana limau lililotumika hivyo halinywewi, lina zinki ndani, litupeni.

Sasa sikilizeni. Hilo swali la mtoto ndilo wanasayansi wakubwa walilobishania kule Italia. Mwaka 1791 Luigi Galvani aliandika kwamba mguu wa chura aliyekufa unaruka ukiguswa na metali, akasema umeme umo ndani ya mnyama. Alessandro Volta akabisha, akasema siri iko kwenye metali mbili tofauti, na mwaka 1800 akatangaza rundo lake la visahani vya metali mbili, kama zinki na shaba, na katikati vitu vilivyoloweshwa maji ya chumvi, chura hayumo kabisa na umeme unatoka. Mtoto wa darasa la tano kafika kwenye ubishi huo kwa sababu balbu iligoma! Ningeficha betri chini ya boksi asingefika.

Siku ya maonyesho meza yake ilikuwa na bango la mkono, herufi zimepinda, na jedwali la vipimo vikiwemo vilivyogoma. Msimamizi akapita akauliza mbona balbu haiwaki, hakungoja jibu, akaenda meza ya pili kwenye mfano wa volkano uliopakwa rangi ukang'aa. Iliniuma, siwafichi, maana jibu alikuwa nalo pale pale.

Kwa hiyo walimu wangu ombi langu ni hili, mkifika mezani msiangalie bango kwanza. Mwambieni mtoto abadilishe kitu kimoja mbele yenu, achomoe shaba aweke msumari wa zinki wa pili, na aseme mita itasoma ngapi kabla hajaiwasha. Aliyefanya mwenyewe atawajibu, na akikosea atataka kujua kwa nini.

Naona kuna mzazi kanyoosha mkono kule nyuma, karibu.