Mvinje, Hamira na Sukari Isiyolika

Waungwana, tunataka kutoa spiriti ya mafuta kwenye vumbi la mbao, lakini habari ya mtambo wa kukeneka (kuchemsha spiriti na kuukusanya mvuke wake) tuiweke kando kidogo. Siku zote swali la kwanza ni hilo: bomba la shaba lizungushwe mara ngapi? Bomba halifanyi spiriti! Spiriti hufanywa na hamira, na hamira hula sukari. Niulizeni kwanza mti gani, na joto kiasi gani.

Chukueni vumbi la mbao za mvinje, karakana zetu zinalitupa bure. Mtu analiloweka kwa asidi ya salfa ya asilimia 1, anachemsha saa nzima kwenye sufuria ya presha (ikiwa ni ya alumini, asidi itaila), anatia chokaa, kisha hamira ya mkate. Siku tatu, hakuna povu. Analaumu hamira. Hamira haina kosa! Sufuria ile hufika nyuzi 120 hivi, na kwa joto hilo selulosi, nyuzinyuzi za mti zilizoundwa kwa sukari ya glukosi, haivunjiki ila kidogo. Inayovunjika ni hemiselulosi, mwenziwe aliye laini zaidi, na ya mvinje hutoa zailosi, sukari ambayo hamira ya mkate haiili. Tena hutoa asidi ya siki, inayoidhoofisha hamira zaidi.

Mtaniambia: je, mvinje si ndugu wa msonobari? Mbona una sindano? Hapana. Zile ni vitawi vya kijani. Majani yenyewe ni magamba madogo kwenye vifundo. Mvinje ni mti wa maua, upande mmoja na mwembe na mkorosho. Msonobari na saiprasi ni ukoo mwingine: hemiselulosi yao hutoa sukari iitwayo manosi kwa wingi, na manosi hamira inaila. Kwa sufuria ile ile, vumbi la saiprasi litakupa kitu.

Selulosi inataka nyuzi 180 na zaidi, yaani mvuke wa presha ya bari 10 hivi. Hapo ni chombo kilichopimwa kwa presha hiyo, chenye valvu ya usalama. Na ni dakika, si masaa: joto linalotoa glukosi ndilo linaloiharibu, na zailosi hugeuka fufurali, sumu ya hamira. Dawa yake chokaa: itie hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikipanda, asidi imepungua) ifike 10, pasha nyuzi 60 nusu saa, chuja jasi, ule unga mweupe wa chokaa na asidi ya salfa, kisha rudisha pH hadi 5.5. Iwe chokaa iliyochomwa ikazimwa. Matumbawe mabichi yaliyosagwa hayafiki 10 hata utie gunia.

Kilo 100 za vumbi kavu zina selulosi kilo 42 hivi. Yote ikigeuka, ni lita 30 za spiriti. Asidi nyepesi ikikupa nusu, umefanya kazi.

Na msiichanganye hii na spiriti itokayo kwenye moshi wa tanuri la makaa. Ile ni methanoli, inapofusha na kuua. Hii ni ethanoli, lakini nayo ni mafuta, si kinywaji.

Muda umetubana. Pipa likae kivulini, joto letu likipita nyuzi 35 hamira inachoka. Kukeneka hukoma asilimia 95.6 kwa uzani, maji yaliyobaki hayatoki kwa kuchemsha tu. Kwa jiko la spiriti yatosha. Kwa kuchanganya na petroli, pitisheni kwanza kwenye zeoliti, punje zinazonasa maji, la sivyo maji na spiriti vitajitenga na petroli na kutuama ndani ya tangi, na injini itavuta vitu hivyo.