Utitiri wa ukingoni: mhadhara kwa waongoza wageni wa Rwenzori, Kasese

Ndugu zangu waongoza wageni, nanyi wapagazi mliojificha kule nyuma karibu na birika la chai, habari za asubuhi.

Hapa hakuna asiyewahi kuvuka kinamasi cha Bigo kwa gambuti, akiruka fundo la nyasi hili hadi lile huku macho yako kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109. Leo tazameni chini. Katikati ya dimbwi pana raha ya macho tu. Mambo yako ukingoni, pale mguu unapozama.

Zulia lile laini mnalolikanyaga ni sfagnamu. Mmea huu hunyonya kalsiamu na magnesiamu majini, ukarudisha haidrojeni, basi uchachu wa dimbwi ni kazi ya mikono yake. pH, kipimo cha uchachu, hushuka hadi 4 hivi, kama ya maji ya nyanya. Konokono hafui dafu hapo: gamba lake atalijengea nini?

Utitiri unaweza. Msishtuke, si ule wa kuku, ingawa ni ukoo mmoja, pamoja na kupe. Kwenye sfagnamu ya Ulaya na Amerika Kaskazini wamo Limnozetes, wa kahawia, wenye gamba gumu, hawafiki nusu milimita. Kuogelea hawajui. Hutambaa juu ya majani yaliyolowa wakila kuvu na mwani, kwa hiyo hutaka mahali penye maji na pa kukanyagia kwa wakati mmoja. Ukingo ndio huo.

Wapo na wekundu, wawindaji, wengi wao waogeleaji. Watoto wao wana miguu sita tu. Hujibandika kwenye mbu au kereng'ende, wakamfyonza na kusafirishwa naye hadi dimbwi jingine. Abiria wa bodaboda asiyelipa, tena anamnyonya dereva!

Wale wa gamba wakifa hawaozi upesi, kwa kuwa chini ya sfagnamu oksijeni ni haba. Magamba hudumu maelfu ya miaka, na kila spishi ina unyevu inaoupenda. Mtaalamu akichimba tabaka kwa tabaka husoma lini palijaa maji, lini palikauka.

Mzee umeuliza watu watawaonaje. Mkiwa na ruhusa ya hifadhi, kamueni konzi moja ya sfagnamu kwenye sahani nyeupe, mtulie, mngoje nukta zianze kutembea. Kisha rudisheni vyote mlipovitoa, hata yale maji.