Ana usonji, sawa, lakini na kifafa je?

Asalam aleikum, shikamooni wazee wangu. Nyinyi mliovuka feri na watoto mgongoni, asanteni sana, sitawazungusha.

Mtoto akishaandikiwa usonji, yaani autism, basi kila analofanya watu husema ni usonji tu, na hapo ndo maradhi mengine hujificha. Kifafa kwa watoto hawa ni kingi kuliko kwa wengine, na si lazima aanguke atoe povu, chengine ni kuduwaa sekunde kumi hivi, kope zinapepesa, halafu anaendelea na mchezo kama hapakuwa na kitu. Sasa utajuaje? Mguse. Aliyezama tu kwenye mambo yake mara nyingi ukimshika atageuka ama atakasirika, lakini mwenye kifafa hiki hashtuki mpaka kimwachie.

Na mtoto mchanga, tuseme miezi mitatu mpaka mwaka, anajikunja ghafla mikono ikiruka, anaachia, anajikunja tena, hasa akiamka, bibi anasema ni mchango. Jamani huo msiungoje! Daktari William West wa Uingereza aliyaandika haya 1841 akieleza yaliyompata mwanawe mwenyewe, na kuchelewa kunaharibu ubongo, so ni hospitali siku hiyo hiyo.

Rekodini na simu. Mtoto akifika kwa daktari hafanyi kitu, ametulia tuli, mama anabaki kuhangaika kueleza, na vidio ya nusu dakika ingemaliza maneno yote.

Halafu kuna EEG, ile ya kuwekewa nyaya kichwani kupima umeme wa ubongo. Haiumi na haina shoti. Shida ni watoto wetu hawapendi kushikwa kichwa, so mzoesheni nyumbani mapema, mvisheni kofia, mguseni guseni nywele, na ulizeni kama apimwe akiwa amelala maana usingizini huonekana mengi zaidi. Ikitoka safi mara moja msiseme basi hana kifafa, kama dalili zipo rudini. Mkimwona na mabaka meupe mwilini pia msipake dawa ya choa mkanyamaza, mwonyesheni daktari, kuna ugonjwa unaoleta mabaka, kifafa na usonji pamoja.

Anayetaka kumsomea mwanawe amsomee, mimi wangu namsomea, lakini dawa ya kifafa msiikate ghafla hata kama ametulia miezi, kinaweza kurudi kwa nguvu kikakataa kukatika. Kupunguza ni kwa daktari.

Haya, maswali. Mama wa pale nyuma, umenyosha mkono kitambo.