Rada Haioni Mzunguko

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Leo najibu swali linalokuja kila nikiweka kipande cha video cha binti yangu akirusha mpira wa softiboli: "Anarusha kasi ngapi?" Na si nyinyi tu. Hapa Dallas wazazi wanaulizana hilo uwanjani hata kabla ya salamu. Kila baba ana karada kake ka kupimia kasi mfukoni, anamlenga mtoto wa mwenzie, anasoma namba, anaguna. Ile namba imeshawatia watu wazimu.

Kwa wageni wa chaneli: softiboli ni ndugu wa besiboli, mmoja anarusha mpira, mwenzie wa timu pinzani anaupiga kwa gongo. Kwenye softiboli ya fastpitch, yaani ya kurusha kwa kasi, mrushaji anarusha kutokea chini. Mkono unazunguka duara zima, mpira unaachiwa usawa wa nyonga. Shemeji yangu wa Mwanza alipoona video ya kwanza alinitumia sauti: "Shemeji, hilo ni kombeo hilo!" Hakukosea sana. Bega linatangulia, kiwiko kinafuata, halafu kigasha kinafyatuka mwishoni kabisa, pale kinapopita na kuparuza nyonga. Kasi inatoka hapo, na kwenye mguu unaosukuma ardhi.

Binti yangu anacheza kundi la miaka 12 kushuka chini, kwa hiyo anarusha akiwa futi 40 kutoka kwa mpigaji, kama mita 12. Kundi la miaka 14 ni futi 43, na hata wa vyuo vikuu wanarusha kutoka hapohapo. Mtoto akifikisha maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80, mpigaji hana hata nusu sekunde. Kwa hiyo sibishi, kasi ni mali. Mwaka 2012 Monica Abbott, mrushaji wa Marekani, alirusha maili 77 akaingia kwenye rekodi za Guinness. Mwaka 2025 Karlyn Pickens wa Chuo Kikuu cha Tennessee akafika 79.4, karibu kilomita 128 kwa saa. Jamani, unaupigaje?

Ila tuseme ukweli: mpira wa kasi ulionyooka, mpigaji mzuri akishauona mara mbili, wa tatu anaupeleka kwenye uzio. Kinachomchanganya ni mpira unaobadilika njiani, na huo unataka mzunguko.

Mpira ukizunguka kwenda mbele, hewa inausukuma chini. Huo wanauita dropu. Ukizunguka kinyumenyume, hewa inaushikilia juu, unashuka kidogo kuliko jicho lilivyotarajia. Hiyo ndiyo raizi, ambayo watu wanaapa inaruka juu. Hairuki. Mpira umetokea chini tayari unapanda, basi, mzunguko unauchelewesha kushuka.

Sasa kuna mzunguko wa tatu, na huu ndio unaoniudhi: mpira unaozunguka kama risasi, mhimili wake umeelekea kwa mdakaji, yule anayeudaka nyuma ya mpigaji. Unazunguka sana, kwa macho unapendeza, lakini hewa haiusukumi kokote. Na raizi nyingi za watoto wa miaka 11, 12, zinazofundishwa na makocha wa kulipwa kwa saa, ni hizohizo.

Namna ya kujua ni rahisi. Chukua tepu nyeusi ya fundi umeme, uzungushie mpira katikati mara moja. Mtoto aushike tepu ikiwa imesimama wima, vidole viifuate. Mimi nakaa kwenye ndoo yangu, glovu mkononi, naangalia tepu inavyokuja. Ikibaki mstari mmoja uliotulia, mzunguko ni safi. Ikiyumba, kuna kasoro pale mkono unapoachia. Ikianza kuzunguka mbele ya macho yako kama pangaboi, hiyo ni risasi, hata rada iseme nini.

Ndiyo maana sisi raizi tumeiweka pembeni kwanza. Inataka kasi ambayo mtoto wa umri huu bado hana. Dropu inasaidiwa na uzito wa mpira wenyewe, na mpira wa taratibu una muda mrefu zaidi wa kushuka, kwa hiyo hata wa maili 45 unaweza kumdanganya mtu. Na chenjiapu, mpira wa polepole unaorushwa kwa mkono uleule wa kasi! Wiki iliyopita binti aliachia mmoja kwa mgongo wa kiganja, mpigaji akamaliza kupiga hewa mpira bado haujafika. Rada ya baba wa jirani ilisoma namba ndogo kabisa, akanitazama kwa huruma. Nikamwitikia tu, "Asante, bro."

Kwa waliouliza kuhusu Olimpiki: softiboli inarudi 2028, na ingawa michezo ni ya Los Angeles, mechi hizo zitachezwa Oklahoma City. Kutoka kwangu ni kama saa tatu kwa gari. Tiketi nikizipata, kamera nabeba.